Dude la Derry: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu kiumbe mwovu mwenye kujigeuza sura katika riwaya ya Stephen King iitwayo It, iliyochapishwa Septemba 1986, pamoja na filamu na tamthilia zilizotokana nayo. Majibu yanaeleza kisa mpaka mwisho wake. Asiyetaka kujua nani anakufa na nani anasalimika atazame kwanza, kisha arudi.

Kiumbe huyu anaitwaje, na kwa nini hapa anaitwa "Dude"?

Jina la riwaya ni kiwakilishi cha Kiingereza kinachotumika kwa kitu kisichokuwa mtu, na ndicho hicho watoto wa kwenye kisa wanachokitumia kumtaja adui yao, kwa sababu hawajui kama ni mtu, mnyama au kitu gani. Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo, kina ngeli. Tukimpa "a-" ya watu na wanyama, tayari tumemwingiza katika jamaa ya viumbe tunavyovijua, jambo ambalo mwandishi alilikwepa makusudi. Neno linalokaribia zaidi ni "dude", yaani kitu kikubwa ambacho aliyekiona hana jina la kukipa. Basi tutaliita Dude, na tutalitumia "li-" hata pale linapovaa uso wa binadamu. Masikio ya msomaji yatakwaruzika kidogo, na hivyo ndivyo inavyostahili.

Kumbe Pennywise si jina lake?

Pennywise ni jina la vazi. Dude linapojitokeza kama chale wa sarakasi (yule mchekeshaji mwenye uso uliopakwa rangi nyeupe, si chale za mganga) hujiita Pennywise, na pengine hujitambulisha kama Bwana Bob Gray. Majina yote mawili ni chambo. Watazamaji wengi humtaja chale kana kwamba ndiye adui mwenyewe, na kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa bango la filamu haliwezi kuchora kitu kisicho na sura.

Limetoka wapi?

Riwaya inasema limetoka nje ya ulimwengu wetu, katika giza la kabla ya nyota, na kwamba lilianguka duniani zama za kale sana mahali ambapo baadaye ulijengwa mji wa Derry, katika jimbo la Maine nchini Marekani. Hasimu wake wa tangu na tangu ni Kobe mkubwa ambaye, kwa mujibu wa kisa, aliutapika ulimwengu siku aliyoumwa na tumbo. Filamu ya 2017 ilimtaja Kobe huyo kwa ishara tu, mojawapo ikiwa ni kobe wa matofali ya Lego katika chumba cha mtoto aliyeuawa.

Chini ya sura zote, Dude ni mianga, nayo riwaya inaiita kwa jina linaloweza kufasiriwa kuwa Mianga ya Mauti. Anayeitazama hupotewa na akili. Hapa ndipo penye tatizo ambalo kila mwongozaji wa filamu amelikuta mlangoni: msomaji anaweza kuambiwa kwamba kitu fulani hakitazamiki, akakubali na kuendelea kusoma, ilhali mtazamaji amelipa kiingilio ili atazame.

Katika riwaya linajigeuza nini na nini?

Orodha ni ndefu, na uzuri wake umo katika kwamba haikupangwa ovyo. Watoto saba wanaopambana na Dude, wajiitao Kundi la Washika Mkia (Bill, Ben, Beverly, Richie, Eddie, Mike na Stan), wana umri wa miaka kumi na mmoja hivi katika majira ya joto ya 1958, umri ambao King mwenyewe, aliyezaliwa Septemba 1947, alikuwa nao wakati huo. Jumamosi zao huishia katika jumba la sinema, na kwa hiyo Dude huchota sura nyingi kutoka kwenye pazia la sinema hilo. Richie, aliyetoka kutazama filamu ya kijana anayegeuka mbwamwitu, hukutana na mbwamwitu huyo huyo, akiwa bado amevaa koti la shule. Ben hulikuta kwenye mfereji ulioganda kwa baridi, likiwa limeshika maputo yanayoelea kinyume cha upepo. Linapokaribia, chale anakuwa maiti ya kale ya Misri iliyozongwa vitambaa.

Lakini si sinema peke yake. Mama yake Eddie amemlea kwa kumhofisha magonjwa, kwa hiyo Eddie hutokewa na mkoma anayetambaa kutoka chini ya baraza ya nyumba mbovu katika mtaa wa Neibolt. Mike alidonolewa na kunguru akiwa mchanga wa miezi sita, tukio asilolikumbuka kwa akili ila mwili wake unalikumbuka. Yeye hufukuzwa na ndege mkubwa kama nyumba. Beverly, anayeishi na baba mwenye mkono mwepesi wa kupiga, husikia sauti za watoto waliokufa katika bomba la sinki, kisha damu huruka na kutapakaa bafu zima. Baba anaingia na haoni kitu. Kwa maoni yangu hilo ndilo tukio la kutisha kuliko yote katika kitabu, na halina zimwi hata moja ndani yake: kuna msichana, damu isiyoonekana na mtu mzima, na wavulana wanaokuja na ndoo na matambara kumsaidia kuisafisha.

Stan naye hufungiwa ndani ya mnara wa maji pamoja na wavulana waliozama humo. Hujiokoa kwa kutaja kwa sauti majina ya ndege kutoka katika kitabu chake cha ndege, mmoja baada ya mwingine. Mtoto mwenye kupenda mambo yaliyopangika vizuri anakutana na jambo lisilopangika, naye anajitetea kwa orodha. Ni tukio la kuchekesha kidogo ukilisimulia, lakini ukilisoma usiku hucheki.

Kwa nini lijisumbue kutisha, ikiwa linaweza kuua tu?

Kwa sababu ya ladha. Katika kurasa chache ambamo riwaya inaingia ndani ya fikra za Dude lenyewe, tunaambiwa kwamba hofu huikoleza nyama kama chumvi. Ndiyo sababu linapenda watoto: hofu ya mtoto ina umbo, ina meno na kucha, na Dude linaweza kuivaa mara moja. Hofu ya mtu mzima ni mkopo wa benki, shinikizo la damu, barua kutoka kwa wakili. Jaribu kujigeuza shinikizo la damu!

Jambo hili linaeleza pia kwa nini nusu ya pili ya kisa, ambamo watoto hao hao wanarudi Derry wakiwa watu wazima kupambana nalo tena, imezishinda filamu zote kwa kiasi fulani. Watu wa miaka arobaini wanakimbizwa na vitisho vya umri wa miaka kumi na moja, na mwigizaji hodari anapopiga yowe mbele ya kibwengo cha kompyuta, mtazamaji hukumbuka kwamba yule ni mwigizaji.

Kwa nini chale wa sarakasi, na si sura nyingine?

Chale ni mtego wa kuvutia kabla ya kutisha. Katika Marekani ya miaka ya 1950 machale walikuwa rafiki wa watoto kwenye televisheni, Bozo akiwa mmojawapo, na mtoto aliyekutana na chale akiwa na puto mkononi alikuwa na kila sababu ya kusogea karibu. King amewahi kueleza kwamba alipojiuliza ni kitu gani kinachowatisha watoto kuliko vyote duniani, jibu alilolipata ni chale. Kauli hizo mbili zaonekana kupingana, lakini ukimtazama mtoto mdogo mbele ya mtu aliyevaa kinyago kwenye sherehe ya kuzaliwa utaona zote mbili usoni pake kwa pamoja: anataka kusogea, na anataka kulia.

Uso wa chale una faida nyingine kwa kiumbe mwenye kujigeuza: umepakwa tabasamu lisilobadilika, kwa hiyo huwezi kuusoma. Sura halisi tayari imefichwa chini ya rangi.

Ni kweli kwamba huamka kila baada ya miaka 27?

Katika riwaya, ndiyo, takriban. Huamka, hula kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo, kisha hulala. Kila kuamka na kila kulala huambatana na balaa kubwa mjini. Mojawapo ni mlipuko wa kiwanda cha chuma cha Kitchener siku ya Pasaka ya 1906, watoto walipokuwa wakitafuta mayai ya sikukuu: watu 102 walikufa, 88 kati yao watoto. Tarakimu hizi ni za kubuni, lakini King anazitaja kwa ukavu wa mtunza kumbukumbu za mji, na ndiyo sababu zinakaa akilini. Tamthilia ya 1990 iliukadiria muda huo kuwa miaka 30. Kwa bahati tu, kati ya tamthilia hiyo na filamu ya 2017 ilipita miaka 27 kamili, na wauzaji wa filamu hawakuiacha bahati hiyo ipotee.

Tamthilia ya 1990 ililionyeshaje Dude?

Ilirushwa na kituo cha ABC cha Marekani usiku wa tarehe 18 na 20 Novemba 1990, katika sehemu mbili, ikiongozwa na Tommy Lee Wallace na kupigwa picha katika jimbo la British Columbia, Kanada. Pennywise aliigizwa na Mwingereza Tim Curry.

Ili kuihukumu kwa haki, lazima ukumbuke kwamba ilikuwa televisheni ya sebuleni, yenye matangazo ya biashara katikati na masharti makali kuhusu damu na watoto. Mkono wa Georgie, mdogo wake Bill anayeuawa mwanzoni mwa kisa, ambao kitabuni unang'olewa, hauonekani ukitoka. Wallace hakuwa na fedha wala ruhusa ya kuonyesha sura zote, kwa hiyo alimtegemea mwigizaji. Sura nyingine zipo: mbwamwitu kijana yupo katika chumba cha chini cha shule, maiti ya Misri ipo, baba mfu wa Ben anamwita kutoka kwenye kinamasi. Hata hivyo zote hupita upesi, na kila mara tunarudishwa kwa Curry na sauti yake iliyokwaruza, sauti ya mchuuzi wa mjini aliyechoka na wateja wake. Hapa umaskini ulizaa kitu. Curry hutisha kwa sababu anachekesha kwelikweli. Mizaha yake ni ya chale halali, ila inadumu sekunde mbili zaidi ya inavyopaswa.

Gharama ya uamuzi huo ni kwamba tangu usiku ule Dude lilikoma kuwa dude. Likawa mtu mwenye pua nyekundu. Vizazi vya watazamaji ambavyo havijashika kitabu vinamjua Pennywise kama vinavyomjua Dracula, na mwongozaji yeyote anayefuata hana budi kuanzia hapo.

Filamu za 2017 na 2019 zilibadilisha nini?

Zilibadilisha wakati, na kwa kubadilisha wakati zikalazimika kubadilisha hofu. Andy Muschietti, mwongozaji kutoka Argentina, aliuhamisha utoto wa Washika Mkia kutoka 1958 hadi majira ya joto ya 1989, na utu uzima wao hadi 2016. Mtoto wa 1989 haogopi maiti ya Misri. Amekwisha iona kwenye katuni. Kwa hiyo mbwamwitu, ndege na maiti viliachwa kama vitisho vikuu, na kila mtoto akapewa kitisho kipya kilichochimbwa katika maisha yake. Mike, ambaye katika filamu hii wazazi wake walikufa kwa moto, huona mikono inayoungua ikijitokeza mlangoni. Ben hufukuzwa maktabani na mtoto asiye na kichwa, mmoja wa waliokufa katika mlipuko wa Pasaka. Bill humwona mdogo wake Georgie, akiwa na koti lake la mvua la njano, katika chumba cha chini kilichojaa maji. Mkoma wa Eddie alibaki, akiigizwa na Mhispania Javier Botet, ambaye umbo lake jembamba na refu halihitaji msaada mwingi wa kompyuta.

Stan ndiye aliyepata sura bora. Katika ofisi ya baba yake kuna picha ya mwanamke mwenye uso uliovutwa na filimbi mkononi, picha inayomkera kiasi cha kuikwepa kuitazama. Siku moja anakuta fremu haina mtu. Muschietti ameeleza kwamba alipokuwa mtoto nyumbani kwao kulikuwa na nakala ya mchoro wa Modigliani, mchoraji Mwitaliano, iliyomtia hofu, na mwanamke wa filimbi alizaliwa humo. Hii ndiyo kazi ya kiumbe mwenye kujigeuza: hakihitajiki kitisho kinachomtisha kila mtu, kinahitajika kile ambacho mtu mmoja hawezi kukieleza kwa wenzake bila kuona haya.

Tukio jingine la kuvutia ni lile la gereji, ambapo watoto wanatazama picha za familia kupitia mashine ya kuangaza picha ukutani. Mashine inaenda yenyewe, picha moja baada ya nyingine, na nywele za mama yake Bill zilizopeperushwa na upepo zinapoinuka, uso ulio chini yake si wake. Kitabuni tukio hilo ni la albamu ya picha. Mwongozaji alitafuta kifaa ambacho, kama sinema, huonyesha picha kwa mwanga gizani, na kwa dakika moja hofu ya watoto na ya watazamaji ikawa kitu kimoja.

Filamu ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani kote. Ya pili, yenye urefu wa dakika 169, iliingiza zaidi ya milioni 470, na ilistahili kuwa fupi zaidi. Kila mhusika mzima hupelekwa peke yake kutafuta kumbukumbu yake, kila mmoja hutokewa, kila mmoja hukimbia. Ukishaona mara tatu unajua ya nne itakuwaje.

Nani alimwigiza Pennywise vizuri zaidi, Tim Curry au Bill Skarsgård?

Swali hili huleta ugomvi usio na sababu, maana hawakuigiza kitu kimoja. Curry aliigiza chale ambaye ndani yake mna zimwi. Skarsgård, Mswidi aliyezaliwa Agosti 1990, miezi mitatu kabla ya tamthilia ya Curry kurushwa, aliigiza zimwi linalojaribu kuwa chale na kukosea kidogo: mate yanamtoka, sauti inapanda na kuvunjika, na jicho moja linatazama pembeni wakati jingine linakutazama wewe. Muschietti alidhani jicho hilo lingetengenezwa kwa kompyuta, akaambiwa na mwigizaji kwamba anaweza kulipeleka pembeni mwenyewe, na akaweza. Waigizaji watoto walitengwa naye mpaka siku ya kupiga picha zao pamoja, ili mshtuko wao wa kwanza uwe wa kweli.

Nikilazimishwa kuchagua, nitamchagua Skarsgård, kwa hoja ya ngeli niliyoanza nayo. Kumtazama Curry unasema "anakuja". Kumtazama Skarsgård unasema "linakuja".

Kwa nini mwisho wake hulalamikiwa katika kila toleo?

Kwa sababu ya buibui. Mwishoni mwa riwaya, chini kabisa ya mifereji ya majitaka, watoto wanakuta sura ambayo akili ya binadamu inaweza kuikaribia zaidi, nayo ni buibui mkubwa wa kike mwenye mayai. Maandishi yanasisitiza kwamba hilo ni kadirio tu, kwamba macho yamechagua buibui kwa kukosa neno jingine. Kamera haina "kadirio". Mwaka 1990 walitengeneza buibui wa kimitambo, na baada ya saa tatu za kuogopa sauti ya Curry, watazamaji walionyeshwa mwanasesere mzito anayesogea kwa shida. Filamu ya 2019 ilijaribu suluhu ya kati: kiwiliwili cha chale juu, miguu ya buibui chini. Inaonekana vizuri, ila haijaondoa tatizo, kwa kuwa sura ya mwisho ya kitu kinachojigeuza haitakiwi kuwepo kabisa. Ikishatulia mbele ya taa, imekuwa mnyama, na mnyama huuawa.

Waandishi wa filamu ya pili walijua lawama hii. Bill mtu mzima ni mwandishi wa riwaya, na kila anayekutana naye humwambia kwamba miisho ya vitabu vyake ni mibaya. Mmoja wa wanaomwambia ni mwenye duka la vitu vikuukuu, anayeigizwa na Stephen King mwenyewe.

Basi linauawaje?

Kanuni ni moja: Dude likivaa umbo, linafungwa na sheria za umbo hilo. Likiwa mbwamwitu, madini ya fedha yanaliumiza, kwa sababu watoto wanaamini kwamba fedha huua mbwamwitu. Ndiyo maana Beverly, mwenye shabaha kuliko wavulana wote, hupewa manati na risasi zilizosubuliwa kutokana na sarafu ya fedha. Ndiyo maana pia dawa ya pumu ya Eddie, ambayo ni maji yenye ladha ya dawa tu, huliunguza kama tindikali pale Eddie anapoamua kwamba ni tindikali. Silaha ni imani, na imani ya mtoto haijatobolewa.

Pambano lenyewe kitabuni huitwa Kanuni ya Chüd, na ni shindano la nia kati ya Bill na Dude nje ya mipaka ya ulimwengu, likiwa na mizaha na mafumbo ndani yake. Jambo hilo halipigiki picha kirahisi. Filamu ya 2019 ilibadili kanuni hiyo ikawa ibada ya kuchoma vitu vya kumbukumbu, ikaishindisha, kisha ikawaacha wahusika waliue Dude kwa kulidharau: wanalitukana mpaka linasinyaa na kuwa dogo kama mtoto, na moyo wake unatolewa kwa mkono. Wapo waliocheka ukumbini. Mimi naona wazo hilo ni sahihi kuliko lilivyotekelezwa, kwa sababu linaigeuza ile kanuni ya maumbo dhidi ya mwenyewe: mwenye kuwa kile unachokiogopa lazima awe kile unachokidharau.

Kwa nini watu wazima wa Derry hawaoni chochote?

Kitabu kinajibu kwamba Dude na mji vimekuwa kitu kimoja. Mtu mzima anapita kwa gari, anaona mtoto anapigwa, anatazama mbele. Hakuna uchawi mkubwa hapo. Sura ya riwaya inayoonyesha jambo hili waziwazi ni ile ya Adrian Mellon, kijana aliyepigwa na kutupwa darajani kwa sababu alikuwa akimpenda mwanamume. Iliandikwa kutokana na tukio la kweli: Julai 1984 Charlie Howard aliuawa kwa kutupwa mtoni katika mji wa Bangor. Filamu ya 2019 inafungua kwa tukio hilo, na linabaki zito kuliko lolote lililotengenezwa na kompyuta baada yake.

Je, mji wa Derry upo?

Haupo, lakini umejengwa kwa matofali ya Bangor, Maine, alikoishi King. Mnara wa maji upo, na sanamu kubwa ya mkata miti Paul Bunyan, ambayo katika kisa inashuka na kumfukuza Richie, nayo ipo. Filamu za Muschietti zilipigwa picha kwa sehemu kubwa huko Ontario, Kanada, mji wa Port Hope ukivaa sura ya Derry.

Kuna matoleo mengine?

Yapo. Mwaka 1998 televisheni ya Zee nchini India ilirusha tamthilia ya Kihindi iitwayo Woh, iliyochota kisa hiki na kumpa mwigizaji Lilliput nafasi ya chale. Oktoba 2025 kituo cha HBO cha Marekani kilianza kurusha tamthilia inayorudi nyuma hadi 1962, Skarsgård akiwa amerejea. Ndani yake umo moto wa Black Spot, klabu ya wanajeshi weusi iliyochomwa na wabaguzi, ambao kitabuni ulitokea 1930.

Je, Dude ni sawa na mazimwi yetu au Popobawa?

Jamaa wa mbali, labda. Zimwi la ngano zetu hujigeuza kijana mtanashati ili limwoe binti aliyekataa wachumba wote: linavaa kile unachokitamani, na kwato au mdomo wa pili hugunduliwa baada ya harusi. Dude huanza hivyo, kwa puto na chale, kisha huhamia kwenye kile unachokiogopa.

Popobawa ana tofauti inayovutia zaidi. Katika taharuki ya 1995, iliyoanzia Pemba na kuenea Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na ilisemwa kwamba aliyeshambuliwa alipaswa kuwaeleza wengine, la sivyo angerudiwa. Popobawa anataka atangazwe. Dude linataka lisahauliwe: Washika Mkia wanaohama Derry wanasahau kila kitu, hata majina ya wenzao, na Mike peke yake, aliyebaki na kuwa mtunza maktaba, ndiye anayekumbuka na kuwapigia simu.

Watoto wanaweza kutazama?

Hapana. Filamu zote mbili zimepewa daraja la R nchini Marekani, yaani asiye na miaka 17 hupaswa kuambatana na mtu mzima. Kwamba wahusika ni watoto kusimpotoshe mzazi.

Nianze na ipi?

Anza na filamu ya 2017. Kisha tazama sehemu ya kwanza ya tamthilia ya 1990 kwa ajili ya Curry, na sehemu ya pili kama una subira. Riwaya, yenye kurasa 1,138 katika chapa ya kwanza, iache mwisho, lakini sura yake ya kwanza isome mapema: mvua, mashua ya karatasi iliyopakwa nta, na tundu la mtaro pembeni mwa barabara. Georgie anapochungulia humo kwanza anaona macho ya njano. Anapotazama tena, macho ni ya buluu, kama ya mama yake. Filamu ya 2017 iliichukua buluu hiyo na kuiweka katika macho ya Skarsgård wakati anazungumza na mtoto. Ni badiliko dogo kuliko yote ambayo Dude limewahi kulifanya, na ndilo linalomfanya Georgie anyooshe mkono.